Msafiri ni Maskini: Uhakiki wa Safari za Krapf katika Vilima vya Ukambani

Vitabu vya safari hupendwa na vijana kuliko vitabu vya aina nyingine nyingi. Msomaji husafiri pamoja na mwandishi bila kuchoka; huvuka mito bila kulowa, na hupanda milima bila kutoka jasho. Kwa sababu hiyo hiyo yafaa visomwe kwa uangalifu, maana msomaji aliyeketi kitini hana njia rahisi ya kuthibitisha anayosimuliwa. Mtu akija kutoka mbali, akapanda kilima, akarudi kwao na kuandika kwamba alipita katika njia isiyojulikana, yatupasa kumwuliza swali moja: haikujulikana na nani? Mto hujichimbia mkondo wake wenyewe, lakini njia hutengenezwa na nyayo za watu. Mahali penye njia pana wenye kuijua.

Swali hili si la zamani tu. Siku hizi watembezi wengi wamechoshwa na wingi wa watu katika Kilimanjaro na Mlima Kenya, nao hushauriwa watafute njia zisizojulikana sana, katika vilima vinavyokaliwa na makabila mbalimbali. Nchi yetu ya Ukambani ni mojawapo ya nchi za namna hiyo. Anayesimama Malili, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, ana vilima vya Mua na Iveti upande wa kaskazini, Mbooni upande wa mashariki, na Kilungu upande wa kusini-mashariki. Magari hupita hapo mchana na usiku, na wasafiri walio wengi huvitazama vilima hivyo dirishani kama watazamavyo picha iliyotundikwa ukutani. Hawafikiri kwamba kabla ya barabara, na kabla ya reli, mambo makubwa ya nchi hii yalipita huko juu.

Nataka basi tukichunguze kitabu kimoja cha zamani kilichoeleza njia za Ukambani kwa watu wa mbali, tuone kina sifa gani na kina upungufu gani. Kitabu chenyewe ni kile cha Johann Ludwig Krapf juu ya safari zake katika Afrika ya Mashariki. Kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka wa 1858, na kwa Kiingereza huko London mwaka wa 1860. Wengi wenu mmelikuta jina la Krapf katika vitabu vya historia, likifuatwa na sentensi moja tu kwamba yeye alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini ni fupi mno. Imeficha mengi kuliko iliyoonyesha.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alifanya kazi ya misioni Uhabeshi kabla ya kufika Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga wa kike walikufa Mombasa. Mwaka wa 1846 alianza kituo Rabai pamoja na mwenziwe, Johannes Rebmann. Sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka wa 1850, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882, baada ya kufa kwake. Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba hatumhukumu mtu aliyepita haraka na masikio yaliyozibwa. Krapf alijifunza lugha, alikaa na watu, na alizoea kusikiliza. Kama kitabu cha mtu wa namna hiyo kina upungufu, yafaa tujue upungufu huo ulitoka wapi.

Safari zake za Ukambani zilikuwa mbili. Katika safari ya kwanza aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849, akapita Maungu katika nchi ya Taita, akapita Kikumbuliu, akavuka Athi na uwanda wa juu wa Yatta, hata akafika Kitui kwa Kivoi tarehe 26 Novemba. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, akauona Mlima Kenya na vilele vyake viwili mfano wa pembe. Safari ya pili ilianza Julai 1851. Nia yake ilikuwa kuanzisha kituo cha misioni Yatta, lakini safari hiyo ilimalizika kwa msiba karibu na mto Tana, kama tutakavyoona.

Tuanze na sifa za kitabu, maana mhakiki aanzaye na makosa huenda asiyaone mema tena. Sifa ya kwanza ni uaminifu wa mwandishi katika kuandika aliyosikia, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakuyaona. Kivoi alikuwa amemwambia juu ya mlima mkubwa wenye weupe juu yake, ulio mbali na Kitui, na Krapf akaliandika jina lake kama masikio yake yalivyolipokea. Mtu mwingine, Rumu wa Kikandi, mwenyeji wa Uembu, alimweleza kwamba alikuwa amefika kwenye mlima huo mara nyingi, na kwamba juu yake mna kitu cheupe kinachoteremka kwa kishindo. Mwandishi mwenye kiburi angaliyaacha maneno hayo kwa kuyaona ni hadithi za wazee. Krapf aliyatia kitabuni pamoja na jina la aliyeyasema, na kwa kufanya hivyo ametuhifadhia ushahidi wa mwenyeji.

Uaminifu huo ulikuwa na gharama. Mwaka uliotangulia, tarehe 11 Mei 1848, Rebmann alikuwa ameuona weupe wa Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake wa njia weupe ule ni nini, akajibiwa kwamba ni baridi. Habari hizo zilipofika Ulaya, bwana mmoja wa London aliyeitwa William Desborough Cooley alizikataa. Cooley alikuwa bingwa wa ramani aliyeandika juu ya bara la Afrika bila kufika Kilimanjaro wala Kitui, naye alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi. Baron von der Decken alikwenda Kilimanjaro mwaka wa 1861 na wa 1862 akaisadiki habari ya theluji, na mwaka wa 1871 Charles New aliufikia mpaka wa theluji yenyewe. Fikirini jambo hili: kiongozi wa msafara, kwa neno moja la Kiswahili, alikuwa karibu na ukweli kuliko mtaalamu aliyezungukwa na vitabu vyake.

Sifa ya pili ni jinsi alivyoyatendea majina. Wasafiri wengi wa karne ile walikuwa na tabia ya kuibatiza nchi ya watu upya. Speke alipofika mwaka wa 1858 kwenye ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita kwa majina yao, alilipa jina la malkia wake, nalo laitwa Victoria hata leo. Mlima mrefu kuliko yote duniani, ambao Watibeti huuita Chomolungma, ulipewa mwaka wa 1865 jina la mpima ardhi Mwingereza, George Everest. Krapf hakufanya hivyo. Alipouona mlima aliuandika kwa jina alilolisikia kwa Wakamba, na jina hilo, baada ya kupita katika kalamu nyingi na ndimi nyingi, limekuwa jina la nchi nzima. Kila mwanafunzi aandikapo neno Kenya juu ya bahasha yake, anaandika neno lililosemwa kwanza na wenyeji, likasikiwa na mgeni aliyekuwa na adabu ya kutolibadili.

Baada ya sifa hizo, tuuangalie upungufu. Wa kwanza ni kwamba kitabu huifanya elimu ya mwenyeji kuwa uvumi mpaka jicho la mgeni liithibitishe. Kivoi aliujua mlima. Rumu wa Kikandi alikwisha kuufikia. Lakini katika masimulizi siku kuu ni ile ya tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona mwenyewe kwa mbali. Waandishi wa vitabu vya shule waliomfuata walizidisha kosa hilo, wakaandika kwamba Krapf aliugundua mlima. Kuona kwa mara ya kwanza na kugundua ni mambo mawili. Mtoto anapozaliwa huuona uso wa mama yake kwa mara ya kwanza, wala hatusemi kwamba amemgundua.

Upungufu wa pili wahusu njia yenyewe. Katika kurasa nyingi nchi ya baina ya Rabai na Kitui yaonekana kuwa nyika tupu, yenye miiba, kiu na hatari. Lakini msomaji akiitazama vizuri ataona kwamba Krapf hakufyeka njia mpya hata kidogo. Alifuata njia ya pembe za ndovu. Kitui ni nchi kavu kuliko Mbooni na Kilungu; mvua yake ni chache na mavuno yake hayana hakika. Kwa hiyo watu wake walizoea kuwinda na kufanya biashara. Walikuwa na neno lao, kuthuua, yaani kusafiri kutafuta chakula kwa kubadilishana mali wakati wa njaa. Mwendo huo ulioanza kwa ajili ya chakula ulikua ukawa biashara kubwa, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoteremsha pembe hata pwani ya Mombasa. Walijua kila mahali pa maji, kila kivuko, na kila kilima cha kuangalizia. Krapf alipata njia iliyo tayari kama mtu apatavyo nyumba iliyokwisha kuezekwa, naye hatuambii vya kutosha ni nani aliyeijenga. Wapagazi wake wengi hawana hata majina kitabuni. Hutajwa kwa kabila na kwa hesabu.

Upungufu wa tatu ni namna alivyowaelewa watu wa vilimani. Aliona kwamba Wakamba hawana mfalme, na jambo hilo lilimsumbua, kwa kuwa mgeni hupenda kujua ni nani mmoja anayeweza kumpa ruhusa ya kupita katika nchi nzima. Lakini katika Ukambani kila mtaa, uitwao utui, ulikuwa na wazee wake, na mashauri yalikatwa katika baraza lao, liitwalo nzama. Nchi ya vilima huwafaa watu wa namna hiyo. Bonde moja likimtenga jirani na jirani, kila upande hujitawala. Na msafiri lazima aombe njia katika kila mtaa, akae, anywe maji, ajibu maswali, kisha aende. Mwenye haraka huona ucheleweshaji. Mwenye subira huona kwamba huo ndio utawala wenyewe.

Lakini ni katika safari ya pili, ile ya mwaka wa 1851, ambapo kitabu hufikia kilele chake. Mwezi wa Agosti Krapf alifuatana na Kivoi kuelekea Tana. Walipokuwa karibu na mto huo walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa, watu wake wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Aliufikia mto akanywa, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Alipopenya vichakani miiba iliyang'oa yale majani, na maji ya mitutuni yakamwagika. Alitembea usiku na kujificha mchana. Kiu ilipomzidi alisikia kelele za nyani, akafurahi, maana alijua kwamba penye nyani bondeni hapakosi maji. Akalikuta shimo ambalo wanyama hao walikuwa wamelichimba katika mchanga wa mto mkavu.

Hakuna sehemu ya kitabu iliyoandikwa vizuri kuliko hiyo. Sababu yake nadhani ni hii. Mpaka siku ile Krapf alikuwa akitembea ndani ya elimu ya Kivoi bila kuiona, kama mtu atembeaye kivulini bila kuutazama mti. Kivoi alipoanguka, kivuli kiliondoka, na jua likampiga mgeni utosini. Nchi ile ile iliyokuwa na njia, vivuko na visima, ikageuka kuwa pori kwa siku moja. Vilima havikuhama wala mito haikukauka siku hiyo. Kilichopungua ni mtu mmoja aliyejua. Wazee wa pwani walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Krapf alikuwa na bunduki, darubini na elimu ya vyuo, lakini mwalimu wake wa kupata maji alikuwa nyani.

Nanyi mnaotoka Kitui au Makueni mtalielewa shimo lile kuliko msomaji wa London. Mito yetu mingi hukauka juu ikabaki na maji chini ya mchanga, na tangu zamani mama zetu na dada zetu wamechimba mashimo mchangani ili kuyateka. Siku hizi watu hujenga kuta za mawe na saruji katika mikondo ya mito hiyo ili mchanga ujikusanye na kuhifadhi maji. Krapf alilipita jambo hilo mara nyingi bila kulifanya kuwa habari. Alilijua thamani yake alipokuwa katika hatari ya kufa.

Hata hivyo, katika sehemu hii hii pana kosa ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Krapf alirudi kwa watu wa Kivoi, na jamaa za marehemu wakamlaumu kwa kifo cha mkuu wao. Alihofia maisha yake, akatoroka usiku mpaka Yatta, na kisha akarudi Rabai. Hofu yake hatuwezi kuidharau. Mtu mwenye njaa, asiye na msaada, aliyezungukwa na watu wenye hasira, ana haki ya kuogopa. Lakini alipoandika kitabu chake miaka mingi baadaye, akiwa salama Ulaya, alikuwa na nafasi ya kuutazama msiba ule kwa upande wa pili. Nyumba ile ilikuwa imempoteza kichwa chake. Mfanya biashara ambaye jina lake lilijulikana hata pwani alikuwa ametoka akiwa mzima pamoja na mgeni, na aliyerudi ni mgeni peke yake. Je, katika kabila gani duniani jamaa wasingeuliza maswali? Kitabu hutueleza hatari iliyomkabili Krapf kwa urefu; kilio cha nyumba ya Kivoi hatukisikii vya kutosha. Hapo ndipo sikio lililosikia majina kwa uaminifu lilikosa kusikia huzuni.

Huenda mtu akasema kwamba si haki kumhukumu mtu wa zamani kwa kipimo cha leo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi neno. Kwanza, Krapf hakukosa uwezo. Mtu aliyemtaja Rumu wa Kikandi kwa jina angaliweza kuwataja na wapagazi wake. Pili, nadhani kilichomzuia zaidi ni nia yake. Alikuwa na ndoto ya kuweka safu ya vituo vya misioni kutoka pwani mpaka ndani ya bara, na mtu mwenye ndoto ya namna hiyo hukitazama kilima na kujiuliza kitamfaa kwa kazi gani. Maswali ya watu wanaokaa juu yake huja baadaye, au hayaji kabisa. Nia ya mwandishi ni miwani yake: ikiwa na rangi, kila kitu huingia katika rangi hiyo.

Wala kosa hili si la Wazungu peke yao. Mwaka wa 1901 Carl Velten alipiga chapa huko Göttingen masimulizi ya safari ya Waswahili wenyewe, yaitwayo Safari za Wasuaheli. Humo yumo Selemani bin Mwenye Chande, na yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyeeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Masimulizi hayo yana jambo ambalo kitabu cha Krapf hulikosa mara kwa mara: husimuliwa na watu waliozoea biashara ya njiani, wanaojua kwamba safari ni mapatano, yaani hongo, zawadi, maneno ya heshima, na kungoja. Lakini nao walikuwa wageni bara, na dharau ya mtu wa pwani kwa watu aliowaita washenzi yaonekana pia. Basi tusidhani kwamba rangi ya ngozi humpa mtu macho mema. Mkamba wa Malili naye akienda Turkana au Kongo aweza kuandika upuuzi ule ule, asipojichunga.

Sasa tuulize kwa nini vilima vilivyojulikana sana zamani vimekuja kuitwa visivyojulikana. Masimulizi ya wazee husema kwamba Wakamba walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita Chyulu na Nzaui, wakapanda Mbooni, ambako wanahistoria wengi hukisia kwamba walikaa yapata karne ya 17. Mbooni palikuwa na mvua, udongo mzuri na usalama. Kutoka huko watu walienea Kilungu na Iveti, na wengine wakavuka Athi kwenda Kitui. Kwa hiyo vilima ndivyo vilivyokuwa katikati ya nchi, na uwanda ulikuwa pembezoni, mahali pa wanyama, malisho na hatari. Kisha ikaja reli kutoka Mombasa. Reli haipendi vilima; ilifuata uwanda, ikapita Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud na Konza, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Machakos, penye ngome iliyojengwa kabla Nairobi haijawa mji, palirukwa. Barabara kuu ilishika uwanda vilevile, na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017 nayo ikafuata huko huko. Hata mji mpya wa Konza, ulioanza kujengwa Malili mwaka wa 2013, umewekwa uwandani.

Hivyo katikati pamekuwa pembezoni, na pembezoni pamekuwa katikati. Kutojulikana kwa njia za Mbooni na Kilungu kulitengenezwa na watu, na kuna tarehe zake. Kwa wanaokaa huko njia hizo hazijafichika hata siku moja. Huzipita wakienda sokoni, shuleni, kanisani na matangani, kati ya mashamba ya matuta waliyoyachimba kwa mikono yao ili mvua isiuchukue udongo. Mtembezi anayetangaziwa njia isiyojulikana anapita katika shamba la mtu, na mwenye shamba hujua jina la kila jiwe.

Nasema haya kwa sababu wengi wenu mtaandika habari za safari, ama katika mtihani ama katika kazi zenu. Wengine mtakuwa viongozi wa wageni milimani, na hiyo ni kazi ya heshima. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi juu ya safari, na nyingi husema kwamba tulipita vilima vingi vya kupendeza, kisha tukafika. Vilima vingi vya kupendeza ni vilima ambavyo havikuonwa. Andikeni jina la kila kilima, na mwulizeni mwenyeji maana yake. Andikeni maji yako wapi na hupatikana miezi gani, kwa kuwa katika nchi yetu asiyeeleza maji hajaeleza njia. Mtajeni aliyewaongoza, na kama alibeba mizigo yenu, mtajeni pia. Tena mkiona jambo lisiloeleweka, msilipe jina la ujinga wa watu kabla ya kuuliza; pengine ujinga ni wenu.

Na mpatapo kitabu cha Krapf, kisomeni. Sikubaliani na wanaotaka vitabu vya wageni wa zamani vitupwe kwa sababu viliandikwa na wageni. Tukikitupa tutapoteza pamoja nacho sauti ya Rumu wa Kikandi, jina la mlima kama lilivyotamkwa Kitui mwaka wa 1849, na habari ya Kivoi, ambaye hakuacha kitabu chake mwenyewe. Bali tukisome kama wazee wa nzama wasikilizavyo shauri: bila kumkatiza msemaji, na bila kusahau kwamba upande wa pili haujasema. Upande huo wa pili ungaliko katika vinywa vya wazee wa Mbooni, Kilungu, Nzaui na Kitui, lakini wazee hawakai milele. Kijana wa Ukambani anayejua kusoma na kuandika, aliye na miguu ya kupanda na lugha ya kuulizia, anaweza kuandika sura ambazo Krapf hakuweza kuziandika.

Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Kivoi na Krapf walikutana Kitui, mmoja akaacha kitabu na mwingine akaacha njia. Kitabu tunacho tayari. Iliyobaki ni kuiandika njia.